Ini la Ijumaa

Kila asubuhi kabla jua halijapanda, nilikimbia kutoka kwetu hadi kizuizi cha polisi kwenye barabara ya Isiolo na kurudi. Madereva wa malori waliolala hapa Modogashe walikuwa wamenizoea. Nikifika nyumbani nilikunywa vikombe vitatu vya chai nzito ya maziwa, nikaenda shuleni. Niliamini kabisa kwamba chai ndiyo inayonipa nguvu.

Nilitaka kitu kimoja tu: nafasi katika timu ya shule itakayokwenda Garissa kukimbia mita elfu tatu. Mwalimu Khalif, mkufunzi wetu wa riadha, alidai dakika kumi na tatu. Januari nilichelewa kwa sekunde tano. Februari, sekunde ishirini. Machi, baada ya kuongeza mazoezi maradufu, nilichelewa dakika nzima! Hebu niambie, hiyo ni haki?

"Ruweyda, wacha tu," alisema rafiki yangu Nasteho, akinipa maji. "Mbio ni za watu wa milimani. Huko hewa ni nyepesi, miili yao imezoea. Sisi huku ni joto na vumbi."

"Na wewe uliyenipita leo, umezaliwa mlima gani?" nilimfokea.

Mwalimu Khalif alinijia na saa yake mkononi. "Unakula vizuri?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Huna kizunguzungu?"

"Sina, walahi."

Nilidanganya mara mbili, tena kwa kiapo. Kwa wiki kadhaa kichwa kilinizunguka kila niliposimama, na moyo ulinidunda hata nikibeba ndoo ndogo ya maji. Lakini ningesema, angenitoa mazoezini.

Kwetu, asubuhi ya Ijumaa mama yangu, Hooyo, hukaanga ini la mbuzi kwa vitunguu, nasi hulila na anjera, mkate wetu mwembamba wa chachu. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mkimbiaji lazima awe mwepesi, kwa hiyo tangu Desemba niliacha nyama na maharagwe. Hooyo akigeuka tu, fungu langu lilihamia sahani ya Kadar, mdogo wangu wa miaka sita.

Ijumaa ile Kadar aliisukuma sahani. "Leo sitaki ini la Ruweyda. Nimeshiba!"

Hooyo aliweka birika chini polepole. "La Ruweyda? Tangu lini?"

Nilijaribu kumtolea Kadar macho, lakini machozi yakanitangulia. Nilieleza yote. Hooyo alinivuta kope la chini, akaona weupe mtupu, akachukua shungi lake tukaenda zahanati.

Nesi Habibo alinitoboa kidole, akasoma kipimo. "Damu yako ni tisa. Ilitakiwa ifike kumi na mbili."

"Lakini ninafanya mazoezi kila siku!" nililalamika.

"Mazoezi huimarisha moyo na mapafu. Lakini hewa safi ikishaingia mapafuni, ni damu inayoibeba hadi miguuni. Hapa Modogashe malori yakiwa machache, mzigo si unabaki? Madini ya chuma hujenga damu, nawe umewapa wengine ini. Hayo machache uliyobaki nayo kwenye chakula, chai inayazuia. Kunywa chai saa mbili baada ya kula, si pamoja na chakula."

Alinipa vidonge, akanikataza kukimbia kwa wiki tatu. Wiki tatu! Nilitaka kupiga kelele. Kumbe kazi ngumu zaidi ilikuwa bado.

"Mwalimu," nilisema Jumatatu, nikiangalia viatu vyangu, "nilikudanganya."

Mwalimu Khalif alikasirika kweli. "Nimekuongezea mizunguko nikidhani ni uvivu! Ungeanguka uwanjani, ningemwambia nini mama yako?" Kisha akasema, "Majaribio ya mwisho ni Juni. Pona kwanza."

Ijumaa zilizofuata Kadar aliitazama sahani yangu kwa huzuni, lakini sikumwachia hata kipande. Nilirudi uwanjani kwa mwendo wa taratibu, nikapumzika nilipoambiwa, na kizunguzungu kikaisha.

Juni nilivuka mstari huku Nasteho akipiga vigelegele. Dakika kumi na mbili na sekunde hamsini na moja!

Mwalimu aliandika jina langu kwenye orodha ya Garissa, kisha akanionyesha saa yake. "Hii inaweza kuniambia umechelewa, Ruweyda. Haiwezi kuniambia kwa nini. Ukiumwa, mtu wa kuniambia ni wewe, na unapaswa kusema kweli."