Nani Amemchinja Mbuzi?

Kila asubuhi Winfred alifagia uwanja wa nyumba yao kule Minjila, akawasha moto, akainjika maji ya chai, kisha akatega sikio. Akisikia ng'ombe wa Mzee Gollo wakianza kulia kwa hamu ya malisho, alijua kwamba Qabale yu njiani na kibuyu cha maziwa.

Qabale alikuwa rika lake na rafiki yake mkubwa. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miiba tu. Baba yake Qabale, Mzee Gollo, alikuwa Mworma, mfugaji na Mwislamu. Baba yake Winfred, Gona, alikuwa Mgiriama, mkulima na Mkristo. Wapo watu waliosema kwamba mkulima na mfugaji hawawezi kukaa jirani bila kugombana, huyu akililia mahindi yake na yule ng'ombe wake. Waliosema hivyo hawakuwahi kunywa chai nyumbani kwa kina Winfred.

Maziwa yale yalikuwa ya Kavumbi, mdogo wake Winfred, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Yalikuwa mazito, nayo yalinukia moshi, kwa kuwa Mama Dahabo, mama yake Qabale, alikifukiza kibuyu chake kwa kuni zenye harufu nzuri. Hata siku moja hakuyatia maji. Angetaka angeweza. Wachuuzi wengine wa barabarani walifanya hivyo bila haya wala soni.

Familia hizi mbili zilikuwa na desturi yao. Kila Krismasi, Gona alimwomba Mzee Gollo aje amchinje mbuzi wa sikukuu. Mzee Gollo alichinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama dini yake inavyomwagiza, na nyama ikawa halali kwa wote. Kisha wakubwa kwa watoto walikula chakula cha sufuria moja. Winfred alidhani hiyo ni sehemu ya Krismasi yenyewe, kama kengele na nyimbo. Siku alipoambiwa kwamba kuna Wakristo wanaochinja mbuzi wao wenyewe, alicheka sana.

Mwaka huu sikukuu ilikuwa na pilikapilika. Gona alisafiri kwenda Kau kumchukua mama yake, ambaye wajukuu walimwita Hawe, yaani bibi. Ilibidi wapande mtumbwi mpaka Kipini, kisha watafute gari la kuwaleta Minjila, na magari ya siku hizo hujaa kupita kiasi. Mzee Gollo naye ng'ombe wake wengi walikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga.

"Siku ya Krismasi mimi nakuja adhuhuri ikipita," alimwambia Gona kabla hawajaachana. "Mbuzi angoje mimi."

"Atakungoja, ndugu yangu," Gona alimjibu.

Na kutoka Mombasa akaja mjomba Pekeshe, kaka mkubwa wa mama yake Winfred. Alishuka Garsen akiwa na miwani ya jua, mkate wa siagi, na tumbo lililomtangulia kila alikokwenda. Alimletea mama kitenge na Winfred viatu vipya. Alipenda kusimulia habari za mjini, na kila alipomaliza kisa kimoja aliuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Asubuhi ya Krismasi mama alikwenda kanisani na watoto wake. Mjomba alisema mgongo unamuuma kwa sababu ya safari, akabaki. Ibada ilipokwisha, mama alisalia kidogo akiagana na wanakwaya wenzake, akamtuma Winfred atangulie kuwasha moto.

Winfred alifika nyumbani akiwa anaimba. Wimbo ukamkatikia mdomoni. Yule mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye tawi la mwarobaini, nusu ameshachunwa ngozi, na mjomba Pekeshe alikuwa chini yake amekunja mikono ya shati, jasho linamtiririka.

"Mjomba! Nani amemchinja mbuzi?"

"Mimi, nani mwingine?" mjomba alijibu kwa furaha. "Mlitaka tushinde na njaa tukimngoja mtu aliye porini na ng'ombe?"

"Lakini mbuzi alikuwa anamngoja Mzee Gollo! Baba alimwahidi. Sasa kina Qabale watakula nini? Kwao hiki ni kibudu."

Mjomba alifuta kisu kwenye majani. "Watakula nyama, kama wewe na mimi. Tutawaambia kwamba alipita Mwislamu mmoja hapa barabarani, tukamwomba, akatuchinjia. Basi! Kwani nyama imeandikwa jina? Watajuaje?"

Winfred alihisi masikio yakimchoma. Mtu amekosa, hilo ni moja. Kila binadamu hukosa. Lakini huyu alikuwa amekosa, na sasa alikuwa anapanga jinsi atakavyowalisha watu kile ambacho imani yao inakikataa. Tena alikuwa anatabasamu.

Mama alipofika, Winfred alimvuta nyuma ya jiko na kumweleza yote. Mama alishika kiuno, akamtazama kaka yake, akamtazama mbuzi. Uso wake ulibadilika. Winfred alingoja amkemee mjomba. Badala yake mama alishusha pumzi.

"Mjomba wako ametoka mbali," alisema kwa sauti ya chini. "Nikimuumbua siku ya sikukuu, atasema nini kwa ndugu zetu? Nyamaza, mwanangu. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Lakini, mama, ni uongo!"

"Winfred, nimesema nyamaza. Menya vitunguu."

Winfred akamenya vitunguu. Machozi yakamtoka, na mjomba akamtania kwamba vitunguu vya Minjila ni vikali. Vitunguu gani! Mtoto alikuwa analia kwa hasira.

"Mjomba," alisema hatimaye, bila kuinua macho, "Mama Dahabo hutuletea maziwa ya Kavumbi kila siku. Angeyatia maji ya mto, sisi tungejuaje?"

Mjomba aliacha kucheka. "Mdomo huo utakuponza," alisema. "Damu ni nzito kuliko maji. Kumbuka nani ndugu yako na nani jirani."

Adhuhuri ilipopita, pikipiki mbili zilisimama nje; magari yote yalikuwa yamejaa. Gona alishuka kwenye moja, Hawe akashuka kwenye nyingine na kikapu chake kikubwa, amejaa vumbi na vicheko. Baada ya salamu, Gona aliona nyama jikoni, akakunja uso.

"Baba Qabale ameshafika?"

"Hajafika bado, shemeji," mjomba alisema haraka. "Tumempata Mwislamu mmoja mpita njia, mtu mwema, akatuchinjia. Kila kitu ni halali kabisa."

Gona akakubali. Kwa nini asikubali? Aliyesema ni shemeji yake. Mama akainamia sufuria, akakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Winfred alimtazama baba yake akitabasamu kwa kuridhika, akaona uchungu. Uongo ule sasa ulikuwa umemtumia baba yake, mtu ambaye hajawahi kumdanganya mtu.

Haikupita muda, Mzee Gollo akaja na mkewe na Qabale. Walikuwa wameoga na kuvaa nguo zao nzuri. Mama Dahabo alibeba kibuyu cha maziwa ya wageni. Qabale alikuwa amepaka hina mikononi, akamwonyesha Winfred kwa furaha. Winfred hakuweza hata kusema imependeza.

"Nisamehe, Baba Qabale," Gona alisema akimkaribisha mkekani. "Hawakukungoja, mwenzako mmoja mpita njia ameshachinja. Hakuna ubaya?"

"Wewe umesema, basi," Mzee Gollo alijibu. "Hakuna ubaya."

Hakuuliza huyo mpita njia ni nani. Hakuuliza alichinjaje. Alinawa mikono, akaketi. Mama akaleta sinia, na mvuke wa pilau ukapanda. Mjomba Pekeshe alikuwa wa kwanza kusema karibuni. Alisema karibuni! Kisha Qabale akajichukulia kipande cha nyama, kwa kuwa alikuwa mtoto na alikuwa na njaa, akakipeleka mdomoni.

"Usile, Qabale!"

Winfred alikuwa ameshika mkono wa rafiki yake. Kipande kilianguka kwenye mkeka.

"Hakuna mpita njia," Winfred alisema. "Mjomba ndiye aliyemchinja mbuzi, peke yake, tulipokuwa kanisani. Nyama hii si halali kwenu."

"Mtoto mwongo huyu!" mjomba alifoka, akainuka nusu. "Shemeji, ndivyo mnavyowalea watoto? Wanawasuta wakubwa mbele ya wageni?"

Gona alimtazama binti yake, kisha akamtazama mjomba. Winfred hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama mama yake.

"Mama, sema."

Mama alikuwa bado ameshika upawa. Akauweka chini polepole. "Mtoto hasemi uongo," alisema. "Nilijua tangu asubuhi. Nikanyamaza."

Mzee Gollo alivuta mkono wake kutoka kwenye sinia, akauosha tena. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. Alimgeukia mjomba Pekeshe.

"Mimi sikuuliza nani alichinja. Kwa nini? Sababu hii ni nyumba ya Gona. Nyumba ingine mimi nauliza. Hapa siulizi. Sasa kesho nikija hapa, niulize? Chai nikipewa, niulize? Mtoto yangu akija kucheza, nimwambie asile kitu? Wewe umeniharibia nyumba ya ndugu yangu."

Mjomba aliketi tena, macho kwenye mkeka.

Gona akasimama. "Baba Qabale, kosa limetendeka nyumbani kwangu na kwa ulimi wangu, ingawa sikujua. Nisamehe. Ukitaka kuondoka, sitakuwa na la kusema."

Mama Dahabo alimnong'oneza mumewe kwa Kiorma. Mzee Gollo alifikiri, akamtazama Winfred, ambaye bado alikuwa ameshika mkono wa Qabale, kisha akaegemea ukuta.

"Mimi siondoki," alisema. "Mtoto kama huyu akiwa ndani ya nyumba, nyumba bado yangu. Lakini mimi iko na njaa."

Hawe ndiye aliyecheka wa kwanza. "Na mimi nimetoka Kau kuja kufa njaa?" aliuliza. "Nifungulieni kikapu changu. Kuna kambare wa kukausha na mchele mpya. Samaki hachinjwi na yeyote, anavuliwa tu."

Mama Dahabo akamtuma Qabale alete sufuria yao wenyewe, kwa kuwa ile ya nyama haikufaa tena, na wanawake wote watatu wakaingia jikoni. Kambare walipikwa kwa nazi. Chakula kilichelewa mno, na wote wakakila mpaka wakalamba vidole. Mjomba Pekeshe alipewa sinia la pilau yake mwenyewe, akaketi nalo. Alimeza vipande viwili, akalisukuma kando.

Wageni walipokwenda zao, mjomba alianza kulalamika. "Shemeji, mtoto wako amenivunjia heshima mbele ya watu."

"Heshima yako ilivunjika asubuhi, Pekeshe, na wakati huo mtoto alikuwa kanisani," Gona alimjibu kwa ukali. "Ungesema, 'Nilikuwa na njaa, nimechinja bila kuwangoja,' tungekucheka kidogo, tukatafuta kuku, Gollo akachinja, mambo yakaisha. Wewe ukaona afadhali mtu avunje dini yake bila kujua, ili mradi usione haya. Vaa viatu. Twende kwa Gollo, ukaseme mwenyewe kwa mdomo wako."

Mjomba akavaa viatu. Alikwenda kichwa chini, bila miwani, akaomba radhi kwa Mzee Gollo na mkewe. Mzee Gollo alimpa mkono. Hakutabasamu, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Winfred alibaki akisugua vyombo na mama yake. Alikuwa anangoja kugombezwa. Alikuwa amekaidi neno la mama yake mbele ya wageni, na hilo si jambo dogo. Mama alisuuza sahani moja mara mbili kabla hajasema.

"Mjomba wako alidanganya kwa kusema," mama alisema. "Mimi nilidanganya kwa kunyamaza. Nilijiambia ninamsitiri kaka yangu, kumbe ninawasaliti watu wanaomnywesha mwanangu maziwa. Asiyeuliza kwa sababu anakuamini, huyo ndiye usiyeweza kumdanganya ukabaki na utu."

"Umenikasirikia, mama?"

"Nimejikasirikia mimi." Mama alifuta mikono kwenye leso yake, akamshika Winfred kidevu, akamwinua uso. "Waheshimu wakubwa, mwanangu. Lakini mkubwa akikuomba umsaidie kudanganya, kataa. Kataa kwa adabu kama utaweza, na usipoweza, kataa hivyo hivyo. Hata kama mkubwa huyo ni mimi."