Shombo Nyumbani kwa Humaidi

Jumamosi, tarehe 3 Machi 1951, saa mbili asubuhi, shuka za Zeyana zilinuka shombo. Nyumba ya mumewe Humaidi, mfanyabiashara wa nta mjini Tabora, haikuwa imepika samaki mwezi mzima.

Zeyana alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi tisa. Alifua shuka. Shombo likabaki. Akaoga. Likamfuata ukumbini, na nyuma yake zikasikika nyayo za mtu aliyebeba kitu kizito.

"Mzimu wa mpagazi," mama mkwe wake, Bi Thuraya, alinong'ona. "Walikufa wengi njia hii, mizigo ya watu mabegani. Usimtaje mbele ya wageni."

Akawasha udi vyumba vyote.

Jumatatu alikuja Marcelina, mkunga wa zahanati.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Leo udi wa harusi ngapi?"

"Marahaba. Pua ya misheni haijazoea vitu vizuri."

Marcelina alicheka, akamgeukia Zeyana. "Kuna maji yanayokutoka, yananuka? Usione haya. Yanatibika. Ukijifungua nayo, ugonjwa hupanda kwenye kizazi."

Zeyana alimtazama mama mkwe wake.

"Hakuna."

Pua ya Marcelina ilipata udi tu. Akaondoka na dawa yake.

Mtoto wa kike alizaliwa Jumanne. Alhamisi Zeyana alishikwa na homa. Ijumaa adhuhuri shombo liliushinda udi, na zile nyayo za ukumbini ziliingia chumbani, zikafika kitandani zikakoma, godoro likabonyea upande ambao hakuna aliyeketi, na kinywani mwa Zeyana ikatoka sauti ya mzee anayehema, ikisema Kinyamwezi, lugha ambayo Zeyana hakuijua, kwamba amechoka, kwamba hatalala tena nyumba hii, kwamba alasiri anaondoka.

"Ameahidi!" alisema Mfaume, mganga aliyeitwa na Bi Thuraya. "Ongezeni udi."

Sauti ilipokatika, Zeyana alimshika mumewe mkono.

"Mwambie Marcelina nilidanganya. Yananitoka. Nataka kumlea mwanangu."

Humaidi alipanda baiskeli.

Saa tisa homa ilishuka. Mwili ulianza kupoa, kwanza miguu, kisha mikono. Bi Thuraya aliipapasa miguu ile, akalia kwa furaha.

"Ametoka! Mwanangu amepoa!"

Wanawake waliokuwa uani wakapiga vigelegele.

Marcelina aliingia mbio na sindano ya penisilini. Alimshika Zeyana kifundo cha mkono. Akaiweka sindano chini.

Aliandika: Zeyana binti Muhanna, miaka kumi na tisa, amefariki saa tisa na robo. Uani vigelegele vilikuwa vinaendelea.