Imebaki Sehemu Moja

Ugomvi ulianza kwa jambo dogo kuliko punje ya mtama: sehemu tatu za katuni zilikuwa zimeshaangaliwa, na aliyeziangalia hakujitokeza.

Yoner Chuquilín na mkewe Marleni walikuwa na agano lao, na walilishika kuliko hata lile la kanisani. Agano lenyewe lilikuwa hili: hakuna kutangulia. Katuni ya Kijapani waliyoipenda, *Kengele ya Milango Elfu*, walianza kuiangalia pamoja wakiwa wanafunzi wa chuo hapohapo mjini Cajamarca. Ilimhusu msichana anayepanda mlima na kengele mgongoni, na kila lango analofika anaigonga mara tatu. Ilikuwa na sehemu sitini na nne. Wao walifika ya arobaini, kisha ikaja mimba, ikaja kuhama nyumba, akaja Fermín, na msichana wa watu akabaki katikati ya mlima. Sasa Fermín alikuwa na miezi minne, na wazazi wake wakaamua kumaliza viporo vyao vyote, wakianza na hicho.

Kila jioni Yoner alimlaza mtoto kifuani, Marleni akaleta bakuli la mahindi ya kukaanga, na kabla ya kubonyeza rimoti Yoner alitamka maneno yaleyale aliyoyatamka enzi za chuo, walipokuwa wanabanana watu wanane kwenye kitanda kimoja: "Aliyefika kafika. Aketi, naanza." Watu wanane hawakuwepo tena. Alikuwa anakiambia chumba kitupu cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kijito, lakini mazoea yana tabu.

"Marleni, umeangalia bila mimi," alisema jioni ile. "Tuliishia ya arobaini. Inaniambia niendelee na ya arobaini na nne."

"Mimi? Tangu jana sijapata nafasi ya kuoga, nitapata wapi saa nzima ya katuni?"

"Basi imejiangalia yenyewe."

"Jiulize wewe unayefanya kazi nyumbani. Nani anajua huko chumbani unafanya kazi gani."

Wakacheka, wakarudi nyuma, wakaangalia ya arobaini na moja, wakalala midomo wazi kabla haijaisha. Kesho yake rekodi ikaonyesha ya arobaini na sita. Yoner akabadilisha nywila kimyakimya. Keshokutwa ikawa ya arobaini na tisa. Alipochunguza zaidi akaona kwamba zote ziliangaliwa saa ileile: saa tisa alasiri, mvua ya Cajamarca inapoanza kumwagika kama imetumwa.

Saa tisa ilikuwa saa yao ya raha. Marleni alijinyoosha kitandani kidogo, Yoner alikuwa chumba cha nyuma amevaa vifaa vya masikioni, akiwajibu watu wenye hasira na simu zao, na Fermín alibaki sebuleni kwenye kikapu chake bila kutoa hata kilio. Walimsifu kwa majirani. Mtoto gani mwenye huruma namna hii, anayewaachia wazazi wake saa nzima wapumzike?

Siku ya nne Yoner alivua vifaa vile masikioni ili akanywe maji, akasikia kengele. Ngo, ngo, ngo. Ulikuwa wimbo wa kufungulia katuni, sauti imeshushwa kwa adabu. Akafikiri, leo nimekukamata, bibie. Akanyata kwenye korido. Hapo akamsikia Fermín akicheka, kile kicheko cha mtoto mchanga kinachoanzia tumboni, na baada yake akasikia kicheko kingine, kidogo zaidi, kilichochelewa kidogo, kama cha mtu anayejifunza kucheka kwa kuiga.

Sebuleni palinuka udongo wa shimo lililochimbwa muda huohuo. Fermín hakuwa kwenye kikapu. Alikuwa kwenye kochi, ameketi, mgongo umenyooka, macho kwenye televisheni, mtoto ambaye asubuhi ile alikuwa bado hawezi kuketi bila kiganja cha mtu mgongoni. Kando yake, mto wa kochi ulikuwa umebonyea, kijibonyeo kidogo cha duara, na sakafuni, chini ya kijibonyeo hicho, lilikuwa bakuli la mahindi, maganda yake yamemenywa moja moja na kupangwa kama sarafu. Wakati Yoner anaangalia, kijibonyeo kikajaa polepole, kama mto unavyorudi mtu anapoinuka, na Fermín akaanguka ubavu.

Yoner alimnyakua mwanawe asikumbuke alivyofika. Alimwamsha Marleni akamweleza kwa mnong'ono, na Marleni, ambaye siku nyingine angemtania hadi kesho, alinusa shati la mtoto akachukua simu. Kisha akampigia mama yake.

Mama huyo, doña Hermila, aliishi Bambamarca, milimani, akifuga ng'ombe na kuuza jibini, na watu wa milima ile walimpelekea watoto walioshtuka ili aziite roho zao zirudi. Hakuwa na maneno ya asali.

"Amebatizwa?"

"Bado, mama. Tunamsubiri Robinson, baba yake wa ubatizo. Yuko Chile, likizo anapata mwezi wa saba. Ameshanunua hadi suti."

"Suti. Mtoto bado ni moro, hajatiwa maji, nyumba iko kando ya kijito, na nyinyi mnasubiri suti." Akavuta pumzi. "Huyo ni mdogo wa kijitoni. Ni mtoto aliyekufa bila maji wala jina, anatafuta mwenzake. Lakini haingii ndani bila kukaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Marleni alimtazama mumewe. Yoner aliona aibu iliyomchoma kuliko hofu.

"Mimi, mama mkwe. Nilisema aliyefika aketi."

"Naye kaketi. Sikia, mkwe wangu. Mgeni wa namna hiyo hukaa mpaka mwisho wa kile alichoalikiwa. Kikiisha anaondoka, na moro aliyecheza naye humfuata. Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili. Anaangalia tatu kila siku."

"Siku nne, basi. Nakuja. Msimtoe mtoto nje, huko nje ndiko kwa huyo mgeni. Na msijaribu kummwagia maji wenyewe, baba na mama hawambatizi mtoto wao."

Doña Hermila alipanda basi siku ileile, na siku ileile mlima uliporomoka juu ya barabara. Padri wa parokia naye, alipopigiwa, alisema kwa upole kwamba wazazi wahudhurie kwanza mafundisho mawili, la kwanza Jumamosi ya wiki inayofuata. Marleni alikata simu akatukana tusi ambalo hakuwahi kulitukana mbele ya mtoto.

Siku ya tano walipeleka televisheni kwa jirani. Saa tisa ilipogonga, simu ya Marleni ikapiga kengele mara tatu ndani ya droo ya vijiko, na Fermín, akiwa mikononi mwa mama yake, akageuza shingo kuelekea kule. Siku ya sita waliifunga simu kwenye taulo wakaitia chini ya godoro. Wimbo ukatokea kwenye kompyuta ya kazi ya Yoner, katikati ya mteja anayelalamika. Siku ya saba walichoka. Walirudisha televisheni kwa sababu angalau hapo walijua mgeni anapoketi.

Na mtoto alikuwa anapungua. Hakulia tena, si kwa njaa wala kwa nepi. Alinyonya mara mbili akaachia, akatazama pembeni kidogo ya uso wa mama yake, akatabasamu na asiyeonekana. Usiku Marleni alimpima kwa mikono akasema, "Yoner, ni mwepesi. Mwanangu anakuwa mwepesi."

Siku ya nane doña Hermila aliwasili, tope mpaka magotini, amevuka maporomoko kwa miguu na kiroba cha chumvi na chupa ya maji begani, na kabla hajaketi mvua ikaanguka na televisheni ikawaka yenyewe. Ya sitini na mbili. Alitaka bakuli, akachanganya chumvi na maji bila kuitazama skrini, akazitafuta sala zake kichwani maana safari ilikuwa imezitikisa, na kufikia hapo msichana wa katuni alikuwa ameshaingia ya sitini na tatu na harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba mpaka wote wakawa wanapumua kwa mdomo.

"Mlete."

Marleni alimshika Fermín juu ya bakuli. Doña Hermila akammwagia maji utosini mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akimtaja kwa jina lake lote kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na yalikuwa maji ya mlimani, baridi ya kumtoa mtu mzima ukelele, lakini mtoto hakulia, hakukunja uso, maji yalimtiririka mashavuni naye akaendelea kutazama kochi ambako mto ulikuwa umebonyea kwa kina kuliko siku zote, na mkono wake mdogo ukanyooka kuelekea kule na vidole vikafumba, taratibu, kama vimeshika vidole vya mtu, na ya sitini na tatu ikafika mwisho, na pembeni mwa skrini tarakimu zikaanza kuhesabu kurudi nyuma kuelekea sehemu inayofuata, kumi, tisa.

"Nusu yake imeshatoka," alisema doña Hermila. "Mfukuze mgeni wako, mkwe. Uliyemwita kwa mdomo wako mtoe kwa mdomo wako. Mwambie imekwisha. Lakini iwe kweli. Maji yanamlinda mtoto, hayakulindi wewe, na huyo akidanganywa hurudi kwa aliyemdanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho?"

Saba. Sita. Marleni alimtazama mumewe juu ya kichwa cha mtoto. Wote wawili walijua idadi tangu wakiwa na miaka ishirini.

"Ndiyo, mama," alisema Yoner.

Akasimama kati ya kochi na televisheni, akabonyeza rimoti, skrini ikazimika kwenye tatu. Akakitazama kile kijibonyeo.

"Imekwisha," akasema. "Asante kwa kuja. Nenda nyumbani."

Mvua ikasikika upya juu ya vigae. Kisha mto ukajaa. Hewa ya baridi ikapita mguuni kwa Yoner, kimo cha goti, ikaelekea mlangoni. Na Fermín akavuta pumzi akalia, kilio kikali cha hasira, cha mtoto aliyemwagiwa maji ya barafu na watu anaowajua, na Marleni akaketi sakafuni akalia naye kwa sauti iliyoshindana na yake.

"Msiiwashe katuni hiyo tena," alisema doña Hermila akikamua sketi yake. "Mkiiwasha mtakuwa mmemwita."

Walihamia mtaa wa juu, mbali na maji. Mwezi wa saba Robinson akaja na suti yake, mtoto akapakwa mafuta kanisani kukamilisha ubatizo, wakachinja, wakacheza mpaka viatu vikawashinda.

"Hivi mlimaliza ile *Kengele*?" Robinson aliuliza mezani. "Ule mwisho wake, jamani."

"Usiniambie," alisema Yoner, kwa ukali uliomshangaza kila mtu.

Miaka minne ikapita. Fermín akawa mtoto wa maswali, mnene, mbishi, mwenye kilio cha kusikika mitaa mitatu. Marleni na Yoner hawakuitaja kamwe sehemu ya sitini na nne, na kwa vile hawakuitaja, Yoner alianza kuamini kwamba uongo nao huzeeka ukafa.

Alasiri moja ya mwezi wa pili mvua ilikuwa imeanza, Marleni yuko jikoni anamenya viazi. Yoner akasikia kutoka sebuleni kengele ileile. Ngo, ngo, ngo. Alimkuta Fermín kwenye kochi, miguu inaning'inia, televisheni inawaka, na kwenye skrini mlima ambao mtoto yule hakuwahi kuonyeshwa. Tarakimu ilisimama kwenye tatu.

"Nani amekufungulia hii?"

"Huyu." Fermín alielekeza kidole kando yake, bila hofu. "Baba, anasema ulisema imekwisha, kumbe imebaki moja. Hajakasirika. Anasema mimi niende kwa mama, anataka kuangalia na wewe."

Yoner alinusa udongo. Chini ya hofu yake, ajabu, alihisi nafuu pia: mgeni alikuwa amekuja kwake, si kwa mtoto.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Funga mlango wa jikoni. Mwambie mama asitoke."

Alingoja mpaka akasikia komeo. Akaketi upande wake wa zamani wa kochi, akachukua rimoti. Tarakimu haikusogea. Alijua kinachosubiriwa, akalowesha midomo.

"Aliyefika kafika," akasema kwa sauti ya chini. "Aketi, naanza."

Tarakimu ikasogea. Na kitu kidogo, kibichi, chepesi mno, kikapanda mapajani mwake, kikajilaza kifuani, palepale alipokuwa akimlaza Fermín.