Kitabu Kilichotoka Sakristia

Kabati la sakristia lilikuwa wazi. Kati ya vitabu saba vya ubatizo, cha tano hakikuwepo.

"Jumapili kanisa linatimiza miaka mia," padre alisema akipangusa jasho. "Mwalimu mstaafu atatusomea historia, na kitabu hicho anakihitaji."

Inspekta wa polisi aliyeitwa asubuhi hiyo hakuweza kutulia. Alikizunguka chumba mara tatu. Upepo wa bahari uligongagonga dirisha lenye bawaba zilizoliwa na chumvi. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Paa lilivuja, lakini mtu alikuwa amevifunika vitabu vilivyobaki kwa kitambaa cheupe, kimepigwa pasi kikanyooka.

"Padre, ni wewe uliyevifunika?"

"Hapana. Jana havikuwa na kitu juu."

Mwizi gani huyu, anaiba kimoja na kuvikinga vingine visilowe?

Katika chumba cha pili, mjane aliyefua vitambaa vya altare tangu ujana wake, ambaye wote walimwita Mama Pasi, alikuwa akipiga pasi. Inspekta alikitandaza kitambaa mezani.

"Shikamoo, mama. Hiki ni chako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni cha kanisa."

"Ufunguo wa kabati unao?"

"Ninao. Kaa basi, unanizungusha kichwa."

"Kitabu kiko wapi?"

Pasi ilisimama juu ya nguo. Harufu ya kuungua ikapanda, inspekta akaiinua yeye.

"Kiko chini ya nguo hizo," mama alisema. "Mwalimu anataka kuwataja watoto walioachwa mlangoni pa kanisa. Eti historia haifichwi. Nilimsihi, akanicheka."

"Na binti yako ni mmoja wao."

"Nilimwokota kwenye ngazi zile, kitovu hakijakauka. Hajui. Jumapili atakaa benchi la mbele na wakwe zake."

Inspekta alikipekua kitabu. Hakuna karatasi iliyopungua.

"Kwa nini hukuuchana ukurasa huo ukamaliza?"

"Nyuma yake kuna watoto wanne wa watu wengine, baba. Ningewafutaje?"

Inspekta alikaa, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kitabu nakirudisha. Padre akisamehe, faili nalifunga. Mwalimu niachie mimi. Lakini binti yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

Inspekta aliichomoa pasi ukutani. "Nenda sasa. Asikie kwako."

Mama alifunga upya kilemba chake.

"Nisindikize mpaka langoni," alisema. "Peke yangu nitarudi kwenye pasi."