Mume Wangu Alitengeneza Gari ya Mazombi, Akamuacha Mama Yangu Njiani

Mlango wa chuma ulifungwa usoni pangu... PAAA! Kucha ya kidole changu kidogo ikabaki huko huko.

"Sévère! Fungua! Mama hawezi kutembea!"

Mume wangu akaleta mdomo kwenye tundu la dirisha.

"Apolline, weye unajua desturi. Mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Gari iko ndogo, tutagusana!"

"Risasi zinalia, weye unaniletea desturi?!"

"Heshima ni heshima."

Akawasha gari. Akaenda!

Jamani, msinikimbie. Nitawaambia yote, hata yale machafu. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Minye ni Apolline wa Mulongwe, kule Uvira. Nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Naanika, nakausha, napeleka sokoni. Sévère ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake ni safi, hiyo siwezi kumnyima.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja... filamu za mazombi! Alizitazama mpaka akawa anaogopa kwenda choo peke yake, baba mzima wa miaka arobaini na mbili.

Vita ilipokaribia, wanaume wengine walitafuta namna ya kuvuka kwenda Burundi. Wangu akaanza kuongea habari za makaburi.

"Watu wamekufa wengi sana kwa hii vita, Apolline. Siku wakiamka wote, utawakimbia na nini?"

"Na miguu yangu."

"Na mama yako je?"

Hapo alinishika. Mama yangu, mama Pudentienne, magoti yake yalishakufa zamani. Safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye jiko.

"Ntatengeneza gari," akasema. "Mama atakaa nyuma kama malkia. Hakuna atakayemgusa."

Nikaamini. Mjinga mie!

Tulikuwa na Carina ya zamani, nyeupe, ya kubebea samaki. Mlango wa dereva akauchomelea usifunguke tena. Milango ya nyuma vile vile. Ukabaki mmoja tu wa mbele, wa upande wa pili. Madirisha akayaziba na vyuma, akaacha tundu la vidole viwili. Viti vya nyuma akang'oa, akaweka godoro, "la mama".

Buti ikapata kufuli kubwa kwa nje. Ufunguo akanipa nivae shingoni pamoja na rozari, kwa sababu chakula cha safari kilikaa humo.

Vyuma vikaisha. Nikatoka sokoni siku moja, nikakuta jiko langu halina paa!

"Sévère, manjanja yangu ya paa yako wapi?"

"Iko kwenye gari. Unataka paa ao unataka uhai?"

Usiku huo huo mvua ikanyesha. Chini ya paa lile kulikuwa na magunia yangu mawili ya ndagala. Siku ya tatu yalikuwa yanatembea yenyewe. Funza, ndugu zangu! Wanene, weupe, wanapanda mpaka kwenye sufuria. Na maji ya kahawia yanatiririka chini... nikatapika mpaka nyongo.

Nikachukua jembe nikazike. Sévère akaniwahi.

"Usitupe! Hiyo harufu ni dawa!"

"Dawa ya nini?"

"Zombi akisikia harufu ya kuoza, anafikiri humu ni ndugu zake. Anapita."

Alikata chandarua changu, akashona vifuko, akajaza ule uozo kwa mikono yake. Akavitundika kwenye milango, chini ya viti, kila mahali. Kisha akaja kula ugali na mikono ile ile. Ptuu!

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Nani alimtetea? Minye! "Anafanya kwa ajili ya mama yangu," niliwaambia.

Sasa mumeona alivyofanya.

Nikamweka mama kwenye toroli langu la samaki. Tukashika barabara ya Kavimvira, ya kwenda Burundi, na watu wengine wote, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi wanalia. Kidole kinavuja damu.

Mahali ziwa lilipanda likakula barabara, watu walikuwa wanaziba pua na kukimbia.

"Usiangalie, mama!" mwanamke mmoja akaniambia. "Ile gari imejaa maiti. Wameoza!"

Nikaangalia. Carina yetu... imelala kwa ubavu kwenye matope, mlango wake mmoja mzima umebanwa na mtaro. Vyuma vilikuwa vizito mno, ikazama.

Vidole viwili vikatoka kwenye tundu.

"Nisaidieni! Minye si maiti!"

Watu wakapiga kelele, wakakimbia zaidi!

Nikasogea.

"Apolline? Ni weye? Mungu ni mkubwa! Ufunguo... fungua buti, mke wangu wa halali!"

Sasa nimekuwa wa halali. Nikasimama pale na ufunguo mkononi, na nawaambia ukweli, nilitaka kuutupa ziwani. Minye Apolline, muimbaji wa kanisa!

Lakini nyuma yetu risasi zikalia karibu. Mtu akapita mbio: "Wanyang'anyi! Wanavua watu nguo, wanaua!"

Kila mtu akakimbilia kwenye matete. Kila mtu mwenye magoti.

Nikafungua buti. Harufu ilinipiga kama kofi. Na juu ya godoro la mama, mnajua kulikuwa na nini? Televisheni! Imefunikwa na blanketi, isipate baridi!

"Polepole!" Sévère akalia. "Itoe polepole, kioo..."

Niliitupa kwenye matope. Nikambeba mama, nikamsukuma ndani, nikaingia, nikavuta buti. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka, funza wakanidondokea shingoni. Nikauma midomo.

Viatu vikasimama nje.

"Puuu! Nini inanuka hivi?"

"Maiti. Acha, tuende."

"Ngoja. Pengine wako na pesa. Ingiza mkono."

"Ingiza weye!"

Jicho likaja kwenye tundu. Mama, minye, Sévère... watatu tumelala kama wafu kweli.

Ndipo nikasikia mume wangu anavuta pumzi. Anafungua mdomo!

"Chef... mkubwa wangu..." akaanza, kwa sauti ndogo, "chukueni hawa wanawake, minye..."

Hakumaliza.

Mkono wa mama yangu ulitoka gizani, umejaa ndagala zilizooza na funza wao wote. Ukaingia kwenye mdomo wa mkwe wake mpaka kwenye kifundo. Na mkono wa pili ukamshika kisogo. Kama anavyolishwa mtoto dawa.

Nikasikia anameza... mara moja. Mara mbili.

"Umesikia? Kuna kitu kinalia ndani."

"Ni tumbo la maiti linapasuka! Weee, natapika..."

Kweli akatapika, pale pale kwenye gurudumu. Wakaenda zao.

Kisha mama akatoa mkono wake, akaupangusa kwenye shati la Sévère, akasema na adabu yote:

"Unisamehe, mkwe wangu. Nimekugusa."

Nikamrudisha mama kwenye toroli, tukavuka mpaka wa Burundi kwa miguu yangu. Sévère alibaki amepiga magoti kwenye mtaro, anatapika.

Sasa yuko hapa kwenye kambi ya wakimbizi, anawaambia watu kwamba gari yake iliokoa familia. Ni kweli, ndiyo inayoniudhi zaidi! Lakini wafu aliowaogopa hawakuja. Waliokuja walikuwa wazima, na mmoja nilikuwa nalala naye.

Dada zangu, mwanaume akikuonyesha gari, nyumba, chochote anachosema ni cha kuwaokoa, usisifu chuma. Angalia ndani, uone nani amewekewa nafasi. Minye niliangalia kwa kuchelewa, kucha moja imekwenda.

Juzi alituma wazee waombe nirudi. Nikasema sina neno, waongee na mama. Mama akawasikiliza, akawapa chai, wakanywa mpaka mwisho.

"Akuje," akasema. "Lakini kwanza aoshe ule mdomo. Nikiwa karibu naye, bado unanuka."