Alama Nyekundu za Mwalimu Stanslaus

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ya shule ikishagongwa, Emelyne hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa Mama Marsela, kiongozi wa kwaya ya watoto, akachukua kishikwambi cha kwaya kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Alikibeba kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, hadi nyuma ya kanisa walikofanyia mazoezi.

Msimu ule Katumba nzima ilinuka tumbaku. Mabani ya kukaushia majani yalifuka moshi tangu asubuhi, na watoto wengi walifika mazoezini vidole vikinata utomvu. Ndiyo maana kishikwambi alikabidhiwa Emelyne. Kwao walilima mahindi tu, na vidole vyake vilikuwa safi.

Kishikwambi kile kiliachwa na Mwalimu Stanslaus alipohamia Kasekese mwaka uliopita. Ndani yake aliacha nyimbo zote alizowafundisha, zimeandikwa kwa nota: herufi za d, r, m zimepangwa mistari mitatu, sauti ya kwanza juu, ya pili katikati, ya tatu chini, na maneno yakifuata. Juu ya mistari hiyo mwalimu alikuwa amechora kwa kidole alama ndogo nyekundu, mfano wa koma, kuonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Nyingine zilipinda, nyingine zilikuwa nene kama mchwa aliyeshiba. Emelyne akizitazama alimwona mwalimu mwenyewe, kofia imerudishwa nyuma, mguu mmoja ukipiga vumbi kufuata mapigo. Alimkumbuka sana. Tangu aondoke, alama zile ndizo zilizokuwa zikiongoza kwaya.

Programu ya kusomea nyimbo ilikuwa ya zamani na haikuwa na makuu. Ukiigusa, wimbo unafunguka palepale ulipoishia jana. Ukisukuma kwa kidole, ukurasa unageuka na kutoa kisauti kama cha karatasi. Doto, msichana aliyeongoza sauti ya kwanza, aliicheka kila siku.

"Hiyo programu ni ya kizee," alisema. "Kaka yangu kule mjini Mpanda ana mpya. Inameremeta. Hiyo yako ingekuwa mtu, ingekuwa inatembelea mkongojo."

Emelyne aligeuza ukurasa mwingine. Lakini maneno yalimwingia.

Siku za Jumatano alikipeleka kishikwambi kikachajiwe kwenye kibanda chenye umeme wa jua, ambako kaka wa Nashon alifanya kazi ya unyozi. Nashon ndiye mwanakwaya mwenzao aliyeongoza sauti ya tatu. Jumatano moja, akiwa njiani, Emelyne alikifungua, akakuta ujumbe ule uliokuwa ukija na kurudi kwa miezi: "Toleo jipya liko tayari. Bora zaidi, haraka zaidi." Chini yake palikuwa na vitufe viwili, "Baadaye" na "Sasisha". Mama Marsela alikuwa amemwonya: "Usichokielewa usikibonyeze. Niulize kwanza." Siku zote Emelyne alibonyeza "Baadaye". Siku hiyo alikumbuka mkongojo wa Doto. Akabonyeza "Sasisha".

Programu ilipofunguka tena, hakuitambua. Kioo kilikuwa cheupe kupita kiasi, kimejaa vitufe vya rangi. Katuni moja ya roboti ilitabasamu pembeni na kuuliza: "Nikufupishie waraka huu?" Wimbo ufupishwe? Aliifukuza, ikarudi. Ukurasa haukutoa tena kisauti cha karatasi. Kibaya zaidi, programu ilikuwa imezivunja nota na kuzipanga upya ili zienee kwenye kioo: mstari wote wa sauti ya kwanza, halafu wote wa sauti ya pili, halafu wa tatu, na maneno yametupwa mwishoni. Na alama nyekundu? Hakukuwa na hata moja.

Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Mwishowe alikifunga kishikwambi ndani ya kitenge, akampa Nashon, akaondoka haraka.

Kesho yake viongozi watatu wa sauti walikizunguka kishikwambi, wengine wakisubiri kuwafuata. Walikuwa wakiufufua wimbo ambao Mwalimu Stanslaus aliutunga mwenyewe. Walikuwa waupeleke kwenye tamasha la kwaya za watoto, Nsemulwa mjini Mpanda, Jumapili ya wiki inayofuata. Waliwahi kuuimba mara chache tu, na sasa kila mtu alikumbuka nusu. Sauti ya kwanza ikaimba hadi mwisho. Sauti ya pili ikasubiri, ndipo ikaanza.

"Jamani, hii ni kwaya au ni foleni ya kisimani?" Doto aliuliza. Watoto wakaangua kicheko.

Walipojaribu kuimba pamoja ikawa vurugu. Kila mtu alivuta pumzi alipojisikia, na neno moja likakatwa vipande vitatu.

Mama Marsela alikitazama kishikwambi kwa muda. "Nani kakigusa hiki?"

Emelyne aliwahi kujibu. "Jana kilikuwa kwa kina Nashon, mama," alisema. "Kilikuwa kinachajiwa."

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Alilijua hilo kabla hajafunga mdomo.

Nashon aligeuka akamtazama.

"Nashon," Mama Marsela alisema taratibu, "kaa nje ya kwaya kwanza mpaka utakapokuwa tayari kueleza."

Nashon hakubisha. Alivaa kandambili zake akaenda zake, na sauti ya tatu ikaondoka naye. Wavulana waliobaki walitapatapa wakiitafuta nota kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Walijaribu siku hiyo, wakajaribu tena Jumamosi. Mama Marsela akatikisa kichwa.

"Nawaambieni mapema. Mpaka Jumanne wimbo wa mwalimu usiposimama, tunaimba mwingine. Siwezi kwenda mjini kuliaibisha jina lake."

Emelyne hakusubiri Jumanne. Alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi, akamkuta Nashon akifagia nywele.

"Umefuata nini?" Nashon aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nashon, ile programu..."

"Najua. Nilikifungua pale pale uliponipa, kilikuwa kimeshabadilika." Alisukuma nywele nje kwa ufagio. "Nilinyamaza nikidhani utasema mwenyewe. Nikasubiri. Mpaka leo nasubiri."

Emelyne alitamani Nashon angemtukana, ingekuwa nafuu. Alitoka hapo mbio hadi kwa Mama Marsela, aliyekuwa barazani akichambua majani ya tumbaku kwa daraja. Alieleza yote akiwa amesimama: mkongojo wa Doto, kitufe, na maneno yake ya kweli yaliyokuwa uongo. Mama Marsela aliendelea kuchambua mpaka Emelyne alipomaliza.

"Haya utayasema Jumanne mbele ya kwaya," alisema. "Nashon akiwepo. Na sasa mpigie mwalimu, umweleze mwenyewe."

Simu ililia Kasekese. Sauti ile ile nzito ikapokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huyo ni Emelyne. Tumbaku ya huko imekauka?"

Emelyne alieleza. Mwalimu Stanslaus aliguna. "Hata yangu imesasishwa, mwanangu. Kirafiki changu hicho cha roboti kinaniuliza kila asubuhi kama nataka muhtasari. Bonyeza vile vinukta vitatu juu, vilivyojificha kule pembeni. Tafuta palipoandikwa 'Ukurasa asilia'."

Alibonyeza. Mistari mitatu ikarudi mahali pake, sauti juu ya sauti. Lakini wekundu haukurudi.

"Alama hazipo, mwalimu. Sizikumbuki zote; nitajie zilikuwa wapi, niziandike."

"Sikumbuki hata moja."

"Lakini ulizichora wewe."

"Nilizichora, ila sikuzitunga. Mlikuwa mnaimba, mimi nasikiliza. Nikisikia mnachoka, naweka alama. Zile zilikuwa pumzi zenu, Emelyne. Nyie imbeni, halafu msikilizane. Mtazipata."

Jumanne Emelyne alisimama mbele ya kwaya akasema yote. Alipomaliza alimgeukia Nashon na kumwomba radhi. Doto akakohoa. "Basi na mimi nimo. Ile programu ya kizee ilikuwa na akili kuliko mimi." Nashon alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo. Akavua kandambili zake, akasimama mahali pake.

Wakaimba. Mama Marsela alimweka Emelyne mbele asikilize, ubao mdogo wenye maneno ya wimbo mkononi. Kila walipochoka pamoja aliweka alama kwa chaki. Mahali pengi palikuwa pale pale alipopakumbuka. Lakini kwenye ubeti wa pili alikuwa ameshainua chaki, akingoja pumzi ya mwaka jana, na haikuja. Wakapita. Nashon alibeba mistari miwili kwa pumzi moja na wenzake wakamfuata bila kutetereka. Emelyne akaishusha chaki. Alijisikia nusu furaha, nusu huzuni. Walikuwa wamekua, na hakuwa ameona.

Jumapili, Nsemulwa, waliimba bila kishikwambi wala ubao. Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Lakini walipomaliza, mzee mmoja wa kwaya ya mjini alikuja kuuliza wimbo ule umetungwa na nani, na watoto wote wakalitaja jina la mwalimu kwa pamoja.

Waliporudi, Mama Marsela aliwaketisha Emelyne na Nashon barazani kwake.

"Kubonyeza kile kitufe lilikuwa kosa dogo," alimwambia Emelyne. "Vitu hivi hubadilika kila kukicha, hata mimi ningeweza kubonyeza. Kosa kubwa ni kumwacha mwenzako abebe mzigo wako. Ungesema Jumatano ile, mwalimu angetuelekeza Jumatano ile, na Nashon asingekaa nje hata siku moja. Ukiharibu, sema upesi, kitu kikiwa bado kinatengenezeka."

"Nimeelewa, mama." Emelyne alisitasita. "Ila zile nyekundu nazikumbuka bado."

"Hata mimi nazikumbuka. Yule mwalimu alitupenda." Mama Marsela aliwakabidhi kishikwambi, wakakishika pamoja, mkono mmoja wa Emelyne na mmoja wa Nashon. "Zikumbukeni tu, hamjakatazwa. Lakini kuanzia leo alama mnaweka nyie. Mkishindwa, mniite wote wawili."