Mstari Uliotangulia Kazi

Kila Jumamosi asubuhi Upesi alikuwa akifagia studio ya mama yake, akipangusa kioo cha mlangoni, kisha akiwasha kompyuta. Upesi si jina alilopewa alipozaliwa. Tangu aanze kutembea hakujua kwenda polepole, basi nyumbani wote wakamwita hivyo.

Mama yake alikuwa mpiga picha. Akitoka kazini, picha zilinakiliwa kutoka kwenye kadi ya kamera na kuwekwa kwenye kompyuta, halafu kadi ilifutwa ili itumike tena. Upesi alikuwa akijifunza kuandika programu katika klabu ya kompyuta shuleni, akamtengenezea mama programu ya kunakili picha hizo. Kwenye skrini ulitokea mstari mmoja tu: "Picha ya kwanza imeingia." Ikiingia ya pili, maneno yale yalifutika na mapya yakaandikwa palepale, kama mwalimu anayefuta ubao na kuandika tena mahali pale pale.

"Haya ndiyo mambo!" mama alisema. "Sasa naweza kufanya kazi nyingine huku natupia jicho."

Lakini picha nyingine zilikuwa nzito. Mstari ulisimama, na kaka yake akapata la kusema. "Mtambo wako umesinzia! Uletee mto!"

Rafiki za kaka waliokuwa pale wakacheka. Kicheko hicho kilimuuma Upesi. Jioni hiyo akabadilisha programu. Mstari usisubiri tena picha iingie. Uhesabu tu kwa kufuata saa. Alipoijaribu, mstari ulikwenda mbio bila kukwama, na kaka akaacha utani. Upesi akajiambia, si picha zinaingia hata hivyo? Mstari ni pambo tu.

Jumamosi iliyofuata mama alileta picha za harusi. Mstari ulikimbia hadi ukaandika, "Picha zote zimeingia." Mama akachomoa kadi, akairudisha kwenye kamera. Alikuwa akisubiriwa shuleni kupiga picha za darasa.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa amekuja kuziona, ameketi kwenye benchi la studio. "Mdogo wangu, nionyeshe ile ya baba," alimwambia Upesi. "Alikuwa mgonjwa, wakambeba na kiti chake mpaka ukumbini. Tangu nikiwa mtoto hatujapiga nyingine pamoja."

Upesi akafungua picha. Akapita za magari, akapita za wageni wakishuka. Halafu hakukuwa na kitu. Akarudi mwanzo, akaangalia tena. Za ukumbini haikuwapo hata moja.

"Ngoja nifute kadi nikimbie," mama alisema mlangoni, kidole gumba kikitafuta kitufe.

Upesi angeweza kusema kompyuta imeharibika, na nani angebisha?

"Mama, usifute!"

Mama aligeuka. "Kuna nini? Si imeandika zote zimeingia?"

"Mimi ndiye niliyeiambia iandike hivyo," Upesi alisema akitazama sakafu. "Haikuwa inaangalia picha. Ilikuwa inahesabu tu, ili nisichekwe."

"Na za nyuma?"

"Nilibadilisha Jumamosi iliyopita jioni, Mama. Hizi ndizo za kwanza tangu hapo."

Bibi harusi aliitazama kamera mkononi mwa mama. "Kwa hiyo baba yangu alikuwa anafutwa," alisema kwa sauti ndogo.

Upesi alitamani ardhi ipasuke immeze. Heri mama angemgombeza. Mama alichukua simu tu. "Mwalimu, samahani sana, nitachelewa. Kosa ni la studio yangu." Neno hilo, *yangu*, lilimchoma Upesi kuliko kofi.

Akaketi kuirekebisha programu. Safari hii mstari usibadilike mpaka picha iwe imefika na kukaguliwa. Kadi ikarudishwa. Mstari ukaanza kutambaa, halafu ukasimama. Kaka akachungulia mlangoni, akafungua kinywa, akaona nyuso zao, akakifunga.

"Imekwama?" bibi harusi aliuliza.

"Haijakwama, dada. Hii ni nzito, bado inaingia."

Wakangoja. Mstari ukabadilika, ukasimama, ukabadilika tena. Hatimaye picha ya baba ikafunguka: mzee kwenye kiti chake, anatabasamu, na kiatu chake kiko juu ya shela la binti yake.

"Kumbe ndiye aliyenikanyagia shela!" bibi harusi alicheka, akajifuta macho kwa kiganja.

Alipokwisha kuondoka, Upesi hakuthubutu kuinua uso. Mama alivaa mkoba wa kamera begani, akasimama karibu naye.

"Mwanangu, mimi sikuziona picha zikiingia. Niliona maneno yako tu, na niliyaamini kwa kuwa ni yako. Kazi ikiwa nusu, niambie ni nusu. Nitakusubiri, hata wakucheke. Lakini ukiniambia imekwisha, nami nitafuta."